Mgeni wa Kazi Apange Wapi Kilwa na Lindi?

Barua ya kupangiwa kituo cha kazi huwa fupi. Inakutaka uripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, ukiwa na vyeti halisi, ndani ya siku zilizotajwa. Haisemi Kilwa ipi. Kijana aliyekulia Mbeya au Bukoba, anayeijua Kilwa kwa somo la historia tu, anapanda basi Mbagala akidhani anakwenda mji mmoja. Anashuka Nangurukuru usiku, anakuta njia panda, nyumba za wageni, malori yamejipanga, wauza korosho na vijana wa bodaboda wanaomuuliza: Kivinje au Masoko? Swali hilo la bodaboda ndilo alilopaswa kujiuliza kabla hajafunga mizigo.

Katika pwani hii, kuanzia Somanga hadi Mingoyo, kodi ya pango peke yake haikuambii kama nyumba ni nafuu. Nyumba ya kodi ndogo ina namna nyingi za kumtoza mpangaji wake: nauli ya kila siku, madumu ya maji, mita ya umeme ya kuchangia, kodi ya miezi sita inayolipwa kabla ya mshahara wa kwanza, na safari ya hospitali usiku wa manane. Mgeni anayeanza kwa kuuliza bei ya chumba ameanza na jambo ambalo lingepaswa kuja mwisho.

Wilaya ya Kilwa haina mji mmoja wenye kila kitu. Ofisi ziko Kilwa Masoko: halmashauri, mkuu wa wilaya, benki, bandari. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara inapita Nangurukuru, kiasi cha kilomita 30 kutoka Masoko. Yapo mabasi yanayoingia hadi Masoko, lakini yale ya Lindi na Mtwara yanapita njia kuu moja kwa moja, na msafiri wa Masoko anamalizia kwa gari dogo.

Mgawanyo huo una historia yake. Katika karne ya 19 Kivinje ndiyo iliyokuwa mji, mwisho wa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa. Wajerumani wakajenga boma hapo. Waingereza baadaye wakahamishia makao ya wilaya Masoko, penye maji marefu ya kutia nanga, tofauti na Kivinje ambako maji yakipwa hubaki tope na mikoko mbali sana. Kisha ikaja enzi ya lami. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na vipande vibovu vya Ndundu hadi Somanga vilipokamilika miaka iliyofuata, biashara ya njiani ikajikusanya Nangurukuru. Kila zama iliacha kitu chake pahala pake, na mfanyakazi wa leo ndiye anayelipa nauli ya kuviunganisha.

Kwa hiyo muuguzi wa Kinyonga akipanga Masoko kwa sababu ameambiwa ndiko kwenye benki na maduka mazuri, amejitwisha safari ndefu kila zamu, na zamu ya usiku ndiyo yenye adhabu zaidi, maana usafiri wa saa hizo ni bodaboda na bei anaitaja dereva. Huyo akae Kivinje. Karani wa halmashauri naye asivutwe na nyumba kubwa ya Kivinje: siku 22 za kazi kwa mwezi, kwenda na kurudi, zitakula zaidi ya kile alichookoa kwenye pango. Nangurukuru inamfaa mtu ambaye kazi yake ni barabara yenyewe: wakala wa mauzo, dereva, bwana shamba mwenye vijiji vya pande zote mbili, afisa wa mradi anayelala Kilwa siku mbili na Lindi siku tatu. Kwa mwenye familia na watoto wa shule, malori ya usiku na watu wanaopita bila kujulikana ni mzigo ambao kodi ndogo haiufidii.

Ndani ya Masoko kwenyewe kuna tofauti, ingawa mji ni mdogo kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizuri anaumaliza kwa matembezi ya jioni. Jimbiza ni ufukwe, na nyumba zilizo karibu nao zinashindana na hoteli za watalii wanaokuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Masoko Pwani iko nje ya mji, nayo ni ya wavuvi na mashua. Samaki wanapatikana wabichi, na kelele za alfajiri zimo. Mpara nayo ni nje kidogo. Mtumishi wa ofisini asiye na chombo cha usafiri achore duara linalotembeleka kwa miguu kuzunguka ofisi yake, na atafute ndani yake. Miji midogo ina zawadi hii ambayo Dar es Salaam haina: unaweza kufuta nauli kabisa kwenye bajeti yako. Wageni wengi wanaipoteza kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba nafuu iko pembezoni.

Kivinje ina nyumba za kale zenye kuta nene za mawe na chokaa, vyumba virefu kwenda juu, baridi mchana, na kwa kawaida kodi yake haifikii ya Masoko. Lakini zina jambo moja ambalo dalali hatalitaja. Nyingi ni nyumba za mirathi. Babu alifariki, watoto hawakugawana, wengine wako Zanzibar, wengine Dar es Salaam, na aliyebaki mjini ndiye anayepokea kodi. Unalipa miezi sita kwa mjomba. Mwezi wa tatu anashuka shangazi na watoto wake, naye ana haki yake. Hakuna aliyekudhulumu kwa makusudi, ila unahama. Kabla ya kutoa fedha, uliza kwa adabu nyumba ni ya nani na warithi ni wangapi, omba mkataba wa maandishi, na usainiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Wenyeji hawachukii swali hilo. Wanachukia mgeni anayekuja kugombana na ndugu wawili ambao ugomvi wao ni wa zamani kuliko yeye.

Na wapo ambao hawatakaa mjini hata kidogo. Halmashauri hupeleka walimu na waganga Kipatimu na Chumo kwenye milima ya Matumbi, Njinjo kwenye njia ya Liwale, Pande, Likawage, Nanjirinji. Kwao kupanga Masoko wakati wa kuripoti ni kutupa fedha. Walale nyumba ya wageni, wasubiri wajue kijiji, ndipo walipe. Aliyepangiwa Kilwa Kisiwani anaweza kukaa Masoko na kuvuka kwa mashua kila asubuhi, maana mkono wa bahari si mpana. Lakini kusi ikianza kuvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, kuna asubuhi ambazo nahodha mwenye busara haondoki, na darasa la kwanza halimsubiri nahodha. Songo Songo ni mbali zaidi. Huko hakuna hesabu ya kwenda na kurudi. Aliyepangiwa kisiwa anakaa kisiwani.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wanapoumia kimyakimya.

Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000. Mchukue mtu wa kiwango hicho aliyesoma kwa mkopo. Mfuko wa pensheni unakata asilimia 5, yaani 25,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 15,000. Kodi ya mapato inachukua 16,400. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, yaani 75,000. Mkononi zinabaki 368,600, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi na kabla ya mama kupiga simu kutoka nyumbani. Sasa tuseme amepata chumba na sebule kwa 60,000 kwa mwezi, bei ambayo mtu wa Dar es Salaam angeishangilia. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 60,000. Jumla 420,000. Chumba nafuu kimezidi mshahara wote wa mkononi wa mwezi, na godoro bado halijanunuliwa.

Sharti la miezi sita au kumi na mbili halina sheria inayoliwekea mpaka. Ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe. Mapatano kati ya mwenye nyumba mwenye dharura zake na kijana aliyefika jana akiwa na begi si mapatano ya watu walio sawa. Lakini Kilwa na Lindi si Dar es Salaam. Foleni ya wapangaji si ndefu, na mwenye nyumba anajua kwamba mtumishi wa serikali ni mlipaji wa uhakika. Mgeni anayepeleka ombi la miezi mitatu kupitia mtu anayeheshimika, mwalimu mkuu, imamu, mwenyekiti, mara nyingi hupewa. Anayekwenda na dalali peke yake hapewi, maana malipo ya dalali yanategemea dili kufungwa leo.

Kuna posho ya kujikimu kwa mwajiriwa mpya na stahili za uhamisho kwa anayehamishwa. Ni haki zilizoandikwa kwenye kanuni za utumishi. Tatizo ni kwamba fedha za uhamisho huchelewa, na madai ya walimu juu yake yamekuwa wimbo wa miaka mingi nchi nzima. Asipange mtu nyumba kwa fedha ambazo hazijaingia. Ni afadhali kupanga chumba kimoja kwa mwezi mmoja au miwili kwa bei ya juu kidogo, au kukaa kwa mwenyeji, ili uuone mji wakati wa mvua, wakati wa mgao wa maji, na usiku. Miezi miwili ya chumba kimoja ni ghali kwa hesabu ya mwezi, lakini ni rahisi kuliko miezi sita ya nyumba usiyoiweza.

Baada ya pango, maji. Mwambao wote una tatizo moja: ukichimba kisima karibu na bahari, maji yanakuja na chumvi. Yanafaa kufulia kwa shida, kupikia chai hayafai. Mji wa Lindi uliteseka kwa maji kwa miongo, hadi mradi wa Ng'apa ulipoanza kutoa maji miaka ya karibuni. Bado bomba la mtaani na bomba la uani mwako ni vitu viwili. Mgeni asiulize kama nyumba ina maji. Kila mwenye nyumba atasema yapo. Aulize maji yalitoka lini mara ya mwisho, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kuna simtanki au hakuna. Kisha amuulize jirani, si mwenye nyumba, dumu la lita 20 linauzwa bei gani. Familia ya watu wanne hutumia madumu mengi kuliko inavyodhani, na mtaa wenye mgao wa siku moja kwa wiki unaweza kukutoza nusu ya kodi ya chumba kwa maji ya mkokoteni.

Umeme una mtego ambao wachache wanaukokotoa. Kwa bei za TANESCO za miaka ya karibuni, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayozidi hapo inauzwa 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba nyingi za kupangisha zina vyumba vitatu au vinne na mita moja ya LUKU. Tuseme wapangaji watatu, kila mmoja anatumia uniti 40: taa, simu, feni na televisheni. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa 4,000. Kwenye mita moja wanafika uniti 120: 75 za kwanza ni 7,500, zile 45 zilizobaki ni 15,750, jumla 23,250, sawa na 7,750 kila mmoja. Karibu mara mbili, bila mtu yeyote kuongeza taa. Na mita ikizoea kuzidi, inahamishiwa kundi la wateja wa kawaida ambao uniti yao ya kwanza kabisa ni 292. Hapo mgao wa kila mpangaji unafika 11,680. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwanza, ingawa mwenye mali ni mwingine. Kuwe na kifungu kwenye mkataba kinachosema inarudishwa vipi. Chumba chenye mita yake, hata kikiwa ghali kwa elfu tatu, mara nyingi ni nafuu kuliko jirani yake.

Mji wa Lindi una umbo jingine kabisa. Huko huduma hazikutawanyika kama Kilwa. Zimekusanyika chini, kando ya ghuba, kwenye mitaa iliyonyooka iliyopimwa enzi za wakoloni. Ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, hadi mradi wa karanga wa Waingereza uliposhawishi ujenzi wa bandari ya kina Mtwara, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao yakahamia huko. Lindi ikarudi kuwa makao ya mkoa mwaka 1971, lakini ile miaka ya kati iliacha alama: mji wa chini una nyumba nyingi za zamani kuliko unavyotarajia, na ndiyo maana kuna vyumba vya bei ya wastani hatua chache kutoka sokoni, jambo lisilo la kawaida kwa makao makuu ya mkoa.

Mtu anayefanya kazi ofisi za mkoa, benki, au Hospitali ya Rufaa ya Sokoine ana sababu nzuri ya kutafuta kwanza huko chini, kata za Makonde, Rahaleo, Wailes na jirani zake. Joto ni kali, hewa nzito, na mbu wapo. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo wavu wa madirishani si pambo, ni sehemu ya hesabu. Nyumba isiyo na wavu na iliyo karibu na maji yaliyotuama itakurudishia gharama zahanati. Juu ya kilima, Mtanda, kuna upepo na mandhari ya ghuba yote, na Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga huko nyumba zake. Kodi inapanda pamoja na kilima, na bodaboda ya kupandia pia. Mwenye familia na gari atapapenda. Kijana wa peke yake anayeshuka na kupanda kila siku ahesabu kwanza.

Mitwero na Ngongo ni pembezoni, penye viwanja vilivyopimwa na nyumba mpya zenye uzio. Ngongo, panapofanyika maonyesho ya Nanenane, pameanza kupata uzito mpya kwa sababu ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhadhiri au fundi wa huko ana haki ya kupanga huko. Wa mjini asikimbilie. Mingoyo, kwenye njia panda ya Mtwara na Masasi, ni kama Nangurukuru ya Lindi: panamfaa mtu wa barabara. Na ng'ambo ya ghuba iko Kitunda, unakovuka kwa kivuko. Ardhi iko wazi, nyumba ni rahisi, watu ni wakarimu. Lakini maisha yako yanafungwa na ratiba ya chombo kimoja, na kikiwa matengenezoni unabaki na mtumbwi. Kwa anayefundisha Kitunda hakuna mahali bora kuliko hapo. Kwa muuguzi wa zamu Sokoine, hapana.

Barua ya Lindi nayo ina fumbo lake. Mipaka ilipobadilishwa, Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ikawa Mtama, na tarafa za upande wa Mchinga zikaingizwa kwenye Manispaa. Kwa hiyo mwajiriwa wa Manispaa ya Lindi anaweza kujikuta Milola au Rutamba, mashambani, mbali na taa za mji alizoziota. Neno Manispaa kwenye barua lisimfanye mtu alipie nyumba Mtanda kwa simu akiwa bado Morogoro.

Bei zenyewe hazitulii mwaka mzima. Lindi ni mkoa wa ufuta na korosho. Minada ya ufuta inaanza karibu na Juni, ya korosho inafuata kuanzia Oktoba, na fedha zinazopita Chama Kikuu cha Ushirika cha Lindi Mwambao na kile cha RUNALI zinashuka hadi mitaani. Wanunuzi, makarani wa maghala na wachukuzi wanajaza nyumba za wageni. Bodaboda mpya zinaonekana. Wenye nyumba wanapandisha bei kwa wageni wa msimu wanaolipa bila kubishana. Mtumishi akiweza kuchagua, atafute nyumba Februari au Machi, fedha zikiwa zimeisha mifukoni na mwenye nyumba anahitaji ada ya shule. Huo pia ndio wakati wa mvua, atakaposhuhudia paa linavuja au halivuji.

Kubwa kuliko msimu ni uvumi wa mradi. Mtwara imeshatufundisha. Kati ya mwaka 2011 na 2013, gesi ilipokuwa gumzo la nchi, kodi za Mtwara zilipaa, watu wakajenga hoteli na nyumba za kupangishia wageni wa mafuta. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipozinduliwa mwaka 2015 kazi nyingi zilikuwa zimekwisha, na vyumba vikabaki vinatafuta watu. Walioumia zaidi ni walimu na wauguzi waliokuwa wakilipa bei za kampuni kwa mishahara ya halmashauri. Lindi sasa ina habari yake: eneo la Likong'o limetengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia, wakazi wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasya wakaanza kulipwa fidia mwaka 2020, na Juni 2022 serikali ikasaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell. Miaka ikapita kwenye mazungumzo. Kilwa Masoko kuna bandari ya uvuvi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Bandari inaonekana kwa macho. Kiwanda bado ni karatasi. Mwenye nyumba anayekupandishia kodi kwa sababu ya bandari ana hoja ya kujadiliwa. Anayepandisha kwa sababu ya Likong'o anakutaka ulipie kesho ambayo hata wawekezaji hawajailipia, na mpangaji ana haki ya kukataa na kuvuka barabara.

Barabara nayo ni sehemu ya bei. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu sehemu kadhaa za Kilwa, Somanga ikiwemo, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Januari 2020 mafuriko yalikuwa yameshaviharibu vijiji vya bonde la mto Matandu. Kwa mpangaji hili lina maana mbili. Kwanza, asikubali nyumba iliyo kwenye njia ya maji hata ikiwa bure, na njia ya maji wakati wa kiangazi inafanana na kiwanja kizuri tu. Wazee wa mtaa wanaijua, awaulize. Pili, mji unaotegemea malori ya Dar es Salaam kwa saruji, mafuta na unga hupandisha bei ghafla njia ikikatika. Nyumba yenye ua wa kufugia kuku wachache na kuotesha mchicha na mhogo, ambayo mwajiriwa kijana huiona ya kishamba, inamkinga mwezi kama huo.

Usalama naupitia haraka, maana miji hii kwa jumla ni tulivu. Mwanamke anayekaa peke yake, na walimu wengi wapya ni wasichana wa miaka ishirini na kitu, mara nyingi yuko salama zaidi katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mmoja, mama mwenye nyumba barazani na watoto uani, kuliko katika nyumba mpya yenye uzio kwenye viwanja visivyojengwa. Atapoteza faragha kidogo. Atapata mtu wa kumletea uji akiugua. Na akiamkia wazee, akafika msibani, akachangia shughuli, mwenye nyumba huyo hatamdai kodi siku mshahara umechelewa.

Yote hayo ni mbinu za mtu mmoja mmoja kuokoka, na si haki suala hili liachiwe mtu mmoja mmoja. Serikali ilikuwa na nyumba za watumishi bomani karibu kila wilaya. Kuanzia mwaka 2002 nyingi ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakizikalia. Waliozinunua walinufaika, lakini kila kizazi cha waajiriwa kilichofuata kimekuja mikoa ya pembezoni kikakuta madalali. Kwa miongo Kusini imesemwa kuwa mahali pa kupelekwa kwa adhabu, na mgeni anayeanza kwa kukopa 420,000 ili apate pa kulala anaiamini kauli hiyo mwezi wa kwanza tu. Mwaka wa pili anaandika barua ya kuomba uhamisho. Darasa linabaki bila mwalimu wa hisabati, wodi inabaki na muuguzi mmoja.

Halmashauri zina uwezo wa kufanya zaidi, hata bila fedha za kujenga. Afisa utumishi anaweza kumpigia mwajiriwa simu kabla hajasafiri na kumtajia kituo halisi, kijiji na umbali, badala ya kusubiri aripoti ndipo apangiwe. Ofisi inaweza kuwa na daftari la nyumba zinazopangishwa, pamoja na wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu kwa kuwa malipo yanapitia mshahara. Na pale fedha zinapopatikana, nyumba za kwanza zijengwe Kipatimu, Njinjo na Songo Songo, ambako vyumba vya kupanga ni adimu hata kwa mwenye fedha, kabla ya kuongeza nyingine Masoko ambako vipo.